Mwenzangu anavaa koti la judo lisiloshikika. Je, ni haki?

Msomaji wetu mmoja wa Dar es Salaam, kijana mwenye mkanda wa njano, ameleta swali hili. Katika klabu yao yuko mwenzake wa uzito uleule ambaye amenunua koti jipya, zito na gumu, linalombana mikononi hadi hakuna pa kushika. Yeye mwenyewe anavaa koti la msaada, kubwa, lililolainika kwa kufuliwa miaka mingi, na kila wakishikana ni yeye anayepigwa mwereka. Siku moja kocha aliwaambia wavue makoti wacheze kwa fulana, wakatoka sare. Anauliza: je, mwenzangu anadanganya? Na kama koti ndilo linaloamua nani ashinde, kwa nini tusiliache kabisa tukapigana mieleka ya kawaida, ambayo ina raha zaidi?

Nianze na la kwanza, ndugu yangu. Kama koti lake linambana namna unavyoeleza, basi ana faida ambayo sheria za judo haziiruhusu, hata kama hakuikusudia. Makoti mengi ya pamba hurudi yakifuliwa kwa maji ya moto, na mtu anaweza kununua saizi yake halisi leo, baada ya mwezi akajikuta anavaa soksi mikononi. Kwa hiyo usimwite mdanganyifu kabla hujajua. Lakini pambano lenu haliko sawa, na hilo umeliona vizuri.

Watu wengi wanapoanza judo hulichukulia koti kama jezi, kitu cha kumsitiri mchezaji na kuonyesha yuko upande gani. Wanalichagua kwa kujiangalia wenyewe: linanipendeza, linaniruhusu kukimbia, haliniletei joto. Koti la judo linapaswa kuchaguliwa kwa kufikiria mikono ya mtu mwingine. Wewe ndiye unayebeba vishikio vya mpinzani wako, naye anabeba vyako. Anayekuja na koti lisiloshikika amekuja na vifaa pungufu, sawa na mchezaji wa bao aliyeficha kete mfukoni kabla mchezo haujaanza.

Sasa tutazame kinachotokea mkono unapokutana na kitambaa, kwa sababu hapo ndipo utajua kwa nini unaangushwa. Mshiko wa kawaida ni mkono mmoja kwenye mkono wa koti, karibu na kiwiko, na mwingine kwenye ukosi, usawa wa kifua. Ule wa kiwiko unamnyima mpinzani mkono ambao angeutumia kujizuia, na ndio unaomzungusha. Ule wa ukosi unaushika mwili wake wima au unauinamisha. Mkono wa koti ukiwa mpana wa kutosha, kitambaa kinajaa ndani ya ngumi, na kidole kidogo na cha pete ndivyo vinavyobeba kazi. Ukiwa umebana, unashika kwa ncha za vidole tu. Mwenzako akigeuza kiganja chake mara moja, mshiko umekwisha. Unashika tena, unatolewa tena, na baada ya dakika mbili misuli ya kigasha chako imekauka kama kuni wakati yeye bado hajatoka jasho.

Ukosi nao una mambo yake. Umeshonwa kwa tabaka kadhaa za kitambaa, na ukiwa mpya na mnene sana vidole haviwezi kuuzunguka. Ndiyo maana sheria za Shirikisho la Kimataifa la Judo zinataka ukosi usizidi unene wa sentimita 1. Kitambaa chenyewe kinatakiwa kiwe na uzito wa kati ya gramu 650 na 750 kwa mita ya mraba, kizito cha kutosha kisichanike, lakini kisiwe turubai.

Koti lako kubwa lina hadithi mbili, na hapa wengi hukosea. Kwa upande mmoja linampa mwenzako kitambaa tele cha kukunja ndani ya ngumi, ambacho hutaweza kumng'oa hata kwa mikono miwili. Kwa upande mwingine, akikuvuta, kinachosogea kwanza ni kitambaa, mwili wako ukibaki nyuma. Wachezaji wa ngazi za juu waliijua siri hiyo zamani: waliacha koti litoke kwenye mkanda kwa makusudi, mpinzani avute hewa. Mchezaji mzuri hulikaza koti kwanza, kwa kulivuta chini au kuzungusha ngumi, ndipo aingie kuangusha. Kama mwenzako anakuangusha pamoja na ulegevu wote huo wa koti lako, maana yake anajua kulikaza. Mpe heshima yake kwa hilo.

Mvutano huu ni mkongwe. Jigoro Kano alipoanzisha judo mwaka 1882 katika hekalu la Eishoji, Tokyo, makoti ya wanafunzi wake yalikuwa na mikono mifupi iliyoacha viwiko nje, na suruali zilizoishia juu ya magoti. Picha za zamani zinaonyesha hivyo. Mikono ya koti na miguu ya suruali ilirefushwa baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, na faida mojawapo ilikuwa kupunguza michubuko ya viwiko na magoti. Lakini kiwiko kilipofunikwa, kulizaliwa pia mshiko wa pale kwenye kiwiko ambao leo hatuwezi kuifikiria judo bila huo. Na ulipozaliwa mshiko, wakazaliwa na mafundi wa kuuzuia: koti lililopunguzwa makwapani, mikono iliyoishia katikati ya kigasha, ukosi mgumu kama mbao.

Mashindano makubwa yakajibu kwa kupima. Kuna kifaa kinachoitwa sokuteiki, kipande kigumu ambacho mkaguzi hukitumia kuona kama mkono wa koti una upana unaotakiwa. Mchezaji hunyoosha mikono mbele, na mkono wa koti lazima ufike hadi kifundo cha kiganja. Pande mbili za koti zinapokutana kifuani zinatakiwa zipandane kwa sentimita 20 angalau. Pindo la chini lazima lifunike makalio. Hata ncha za mkanda zina kipimo: kutoka kwenye fundo zinatakiwa ziwe na urefu wa kati ya sentimita 20 na 30, kwa sababu mkanda uliofungwa ovyo hulegeza koti zima. Koti likikataliwa, mchezaji huvalishwa la akiba la waandaaji. Mwaka 2015 vipimo viliandikwa upya ili makoti yakae vizuri mwilini na ndani ya mkanda, kwa sababu tatizo lilikuwa limehamia upande wa pili: makoti yalikuwa makubwa mno, yakifumuka kila baada ya sekunde chache, na watazamaji wakilipa kiingilio kuangalia watu wakifunga mikanda.

Sheria ukizisoma kwa pamoja utaona hazimpendelei mshambuliaji wala mlinzi. Zinatafuta mahali pa katikati ambapo mkono unashika, na kinachoshikwa kimeunganika na mwili. Michezo mingine ya kukabana kwa koti imefika palepale kwa njia zake. Sambo ya Urusi ina koti lenye vipande vya kitambaa mabegani vya kushika, na mkanda hupita ndani ya matundu ya koti lenyewe ili lisifumuke. Huko Brittany, Ufaransa, wanamieleka wa gouren huvaa shati la kitambaa kigumu liitwalo roched, lililofungwa kwa kamba. Waandaaji wakuu wa mashindano ya jujitsu ya Brazili nao hupima unene wa ukosi na nafasi iliyobaki kwenye mkono wa koti. Popote watu walipoamua kushikana nguo, mapema au baadaye ilibidi wakubaliane nguo yenyewe iweje.

Rangi nitaigusa kidogo tu, kwa sababu huulizwa sana. Koti la buluu lilipendekezwa na Mholanzi Anton Geesink mwaka 1986, yule aliyetwaa dhahabu ya kundi la wazi kwenye Olimpiki ya Tokyo 1964, ili waamuzi na watazamaji wawatofautishe wachezaji. Wajapani walilipinga kwa miaka mingi, hadi likapitishwa mwaka 1997. Mwaka 2005 jarida la Nature likachapisha utafiti uliodai kwamba waliovaa buluu kwenye Olimpiki ya Athens 2004 walishinda zaidi ya waliovaa nyeupe. Watu wakaanza kuiogopa rangi. Miaka mitatu baadaye watafiti wengine walirudia hesabu hizo wakiwa na mapambano mengi zaidi, wakaona kilichosababisha tofauti ile ni jinsi wachezaji walivyopangwa na walivyopata muda wa kupumzika, rangi haikuwa na kosa. Kwangu mimi rangi ina dhuluma moja tu, nayo ni ya mfuko. Mchezaji wa mashindano ya kimataifa anahitaji makoti mawili, jeupe na la buluu, tena yenye nembo iliyoidhinishwa, na bei yake si ya mchezo. Andrew Thomas Mlugu, aliyeiwakilisha Tanzania kwenye judo ya Olimpiki ya Paris 2024, alipaswa kutimiza masharti yaleyale ya vazi kama Mjapani au Mfaransa ambaye kabati lake limejaa. Klabu zetu nyingi zinaishi kwa makoti ya msaada kutoka nje, na koti la msaada halichagui mwili wa atakayelivaa. Ukinilazimisha niseme ni wapi koti linaharibu haki zaidi katika mchezo huu, nitakuelekeza huko kabla ya mkono wa koti la mwenzako.

Swali lako la pili ni la kweli na linastahili zaidi ya kubezwa. Kwa nini tusiyavue?

Mieleka isiyo na koti ina raha yake kubwa, na wala si ya hadhi ya chini. Mashindano ya ADCC, yaliyoanzia Abu Dhabi mwaka 1998, yamejengwa juu ya kukabana bila koti, na wapo mabingwa wa koti waliokwenda huko wakapotea. Bila koti mambo huenda kasi. Unashika shingo, kwapa, kiuno, mguu. Jasho likitoka ngozi inateleza, kwa hiyo mshiko uliokuwa mzuri dakika ya kwanza unaweza kuwa si kitu dakika ya tano. Mwenye mlipuko wa nguvu na anayejua kusogea kifua kwa kifua ananufaika. Koti linapunguza kasi hiyo. Msuguano wa kitambaa unakupa muda wa kufikiri, unakuruhusu kumdhibiti mtu ukiwa mbali naye kwa urefu wa mkono, na unafungua mlango wa kabali za ukosi ambazo hazihitaji msuli mkubwa.

Ndiyo maana watu husema koti humsaidia mdogo dhidi ya mkubwa. Nalikubali hilo nusu tu. Mdogo mwenye mshiko mzuri kwenye mkono wa koti anaweza kumsumbua jitu kwa muda mrefu, na akiwa chini na ukosi mkononi ni wa kuogopwa. Lakini jitu nalo limepewa kishikio. Mtu mrefu akipitisha mkono juu ya bega lako akakamata koti mgongoni, kichwa chako kinashuka, na ujanja wako mwingi unashuka nacho. Kama koti lingesawazisha miili, makundi ya uzito yasingehitajika. Yapo, na lile kundi la wazi la watu wa uzito wowote lilionekana kwenye Olimpiki kwa mara ya mwisho mwaka 1984.

Kinachosawazishwa na koti ni kitu kingine: linaupa ujuzi wa mikono thamani kubwa. Wewe na mwenzako mlitoka sare bila koti, kwa hiyo nguvu zenu, mizani yenu na pumzi zenu zinakaribiana. Mkivaa, anakushinda. Tofauti iko katika vitu viwili, kitambaa na ujuzi wa kukitumia, na wewe umekilaumu kimoja tu. Njia ya kuvitenganisha ni rahisi sana. Kwa kuwa ni wa uzito mmoja, badilishaneni makoti kwa jioni nzima ya mazoezi, mpigane raundi kadhaa. Ukianza kumshinda, koti lilikuwa na kesi. Akiendelea kukushinda akiwa ndani ya koti lako kuukuu, basi kazi yako iko kwenye kushika, na koti jipya halitakununulia hilo.

Halafu kuna jambo la kuanguka, ambalo wanaotaka kuyatupa makoti hulisahau. Mwereka wa judo ni mkubwa. Mtu anapita juu ya mgongo au nyonga yako na kushuka kwa mgongo. Kinachomfanya ashuke salama ni ule mkono wako ulioshika koti lake kwenye kiwiko: unauvuta juu dakika ya mwisho, naye anatua ubavu na mkono wake ukipiga mkeka, kichwa kikiwa hewani. Bila kishikio hicho, mwanafunzi wa miezi michache hana njia ya kumlinda mwenzake. Na koti linalobana mno linaleta hatari hiyohiyo, kwa sababu mshiko unachomoka katikati ya safari. Mtu asiyeogopa kuanguka huthubutu kujaribu, na darasa la watu wanaothubutu ndilo lenye kelele na vicheko. Nimeona klabu zenye mikeka mibovu na furaha tele, na sababu mojawapo ni kwamba watu wake wanashikana vizuri.

Kuhusu raha ya pambano lenyewe, koti baya huiua kwa namna mbili. Likibana, mchezo wote unageuka kuwa vita vya vidole: shika, ng'oa, shika, ng'oa, hadi mwamuzi anaanza kugawa shido, yaani adhabu ndogo, na mtu anashinda kwa sababu mwenzake amefikisha adhabu tatu. Hali hiyo imekuwa nzito zaidi tangu kushika miguu kulipoanza kubanwa mwaka 2010 na kufungwa kabisa mwaka 2013, kwa maana mchezaji aliyenyimwa koti sasa hana pengine pa kwenda. Likilegea, kila shambulio linaishia kwenye kitambaa, koti linafumuka, mwamuzi anasimamisha, mnavaa upya, na mjanja anapata muda wa kupumua. Sheria zinaadhibu kujifumua kwa makusudi ili kupoteza muda, lakini kwenye klabu hakuna mwamuzi.

Nini kifanyike kwenu? Kwanza usimkabili mwenzako peke yako mbele ya watu. Mwombe kocha apime makoti ya wote siku moja, la kwake likiwemo, ili isionekane kesi yako. Sokuteiki haihitajiki. Nyosheni mikono mbele: mkono wa koti ukiishia juu sana ya kifundo cha kiganja, ni mfupi. Kisha mtu mwingine afinye kitambaa chini ya kiwiko. Kama hakijai ngumi, ni mwembamba. Kama lake limerudi kwa kufuliwa na mkono wake una akiba ya kitambaa iliyokunjwa ndani, fundi cherehani anaweza kuifungua. Kama akiba hiyo haipo, koti alitunze kwa mazoezi ya kuingia bila upinzani, na kwenye mapambano avae la klabu. Mwenye koti jipya asilifue kwa maji ya moto kamwe, na kama amenunua lisilorudishwa kiwandani basi achukue saizi ya juu yake.

La kwako mpelekee fundi naye akupunguzie. Mwambie apunguze upana wa mikono kwa mshono wa chini ya mkono, akate ziada yote ili usibaki ukingo mnene wa kuumiza vidole vya watu, na atumie uzi mzito. Pande za mbele ziache zipandane vizuri kifuani. Ukipunguza hapo utakuwa umeharibu. Ukosi usiuguse. Na tafadhali usiutie wanga wala kuupiga pasi ukakakamaa, nimekwisha kuona vituko hivyo na vidole vilivyochubuka kwa ajili yake.

Kama klabu inaweza, makoti yote ya msaada yawekwe pamoja yapangwe kwa saizi, mtu achukue linalomfaa mwaka huu, akikua abadilishe. Mara nyingi koti linalomfaa mtu mnene limekaa kwa mtoto mwembamba, na la mtoto liko kwa mtu mnene, ati kwa sababu kila mmoja alipewa siku yake ya kwanza akaondoka nalo.

Na kuhusu mazoezi bila koti, muombe kocha ayarudishe, hata mara moja kwa wiki. Yatakufundisha kusimama na kutumia kifua badala ya kutegemea kitambaa, na yatawafaa wote wawili. Ila mkiwa kwa fulana msipigane miereka mikubwa ya begani hadi mmezoea kukumbatia. Fanyeni ile ya kukwatua mguu, na kukabana mkiwa chini mkekani.

Mazoezi ya mshiko yenyewe ni haya. Mwenzako avae koti linalobana, wewe uruhusiwe kushika ukosi tu, naye aruhusiwe kung'oa tu, dakika moja moja, kisha mbadilishane. Mkono wa koti ukikukatalia, nenda kwenye ukosi kwanza. Yeye akiinua mkono kuung'oa, kiwiko chake kinakuja chenyewe mbele ya mkono wako wa pili na kitambaa cha kwapa kinafunguka. Hapo hata koti la kubana hushikika. Usiingize vidole ndani ya tundu la mkono wa koti kwa hasira ya kukosa pa kushika, hiyo ni shido, na mwenzako akizungusha kiganja unaweza kuvunjika kidole.